Michuki, Matatu na Deni la Wanakiswahili

Aghalabu tunapomtaja mhitimu aliyefana, hesabu yetu huanzia kwenye vyeo na kuishia papo hapo. Marehemu John Njoroge Michuki alikuwa navyo tele. Alisomea Mang'u, kisha Chuo cha Worcester huko Oxford. Akawa Katibu Mkuu katika Wizara ya Fedha, mwenyekiti wa Benki ya Biashara ya Kenya, na mbunge wa Kangema hadi alipoaga dunia Februari 2012. Hata hivyo, mwulize abiria wa Nairobi habari za Michuki. Hatakutajia Oxford, atakutajia mkanda.

Aliteuliwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano mwaka 2003, enzi ambapo abiria walishindiliwa garini kama dagaa na wengine kuning'inia mlangoni. Kwa Tangazo la Kisheria nambari 161 la mwaka huo, lililoanza kutekelezwa Februari 2004, alidai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda katika kila kiti, abiria 14 pekee katika matatu ndogo, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na utingo. Wenye magari waligoma, raia wakaenda kazini kwa miguu. Waziri hakutetereka. Sisemi alikuwa malaika: mkono uo huo mgumu, alipokuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ulitetea uvamizi wa Machi 2006 katika shirika la habari la Standard, na hilo silisifu hata chembe. Lakini barabarani, naam, alitenda.

Linalonikera ni jambo linalotuhusu sisi. Kanuni zile ziliandikwa kwa Kiingereza. Waliotakiwa kuzitii, na mama wa Gikomba zilizokusudiwa kumlinda, walizipata kwa kusikia tu. Wakazibatiza Sheria za Michuki, na jina la mtu likakalia kiti cha maneno ya sheria. Alipohamishwa wizara, ikawa kana kwamba nazo zimehama naye. Serikali ilipoanzisha msako Novemba 2018, watu walisema Sheria za Michuki zimerudi, ilhali masharti ya mkanda na kidhibiti mwendo hayakuwa yamefutwa. Juzi nilimwuliza utingo mmoja mkanda wangu uko wapi. Akacheka: "Michuki alishakufa, msee." Abiria wenzangu nao wakacheka.

Wapo watakaouliza mwanafunzi wa fasihi na isimu anatafuta nini kwenye steji ya matatu. Nami nauliza: Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilimtarajia nani aifanye kazi hiyo? Kila mwaka tunafuzu somo la tafsiri kwa kutafsiri vifungu ambavyo hakuna atakayevisoma ila mhadhiri wetu. Chama hiki kina vijana wanaoweza kuzitafsiri kanuni za uchukuzi kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, na wahadhiri wa kuzihakiki kwa ushirikiano na wenzetu wa sheria. Ukurasa mmoja ungetosha kuanzia: idadi ya abiria, mkanda, mwendo, na mahali pa kupeleka malalamiko. Ubandikwe ndani ya matatu, nyuma ya kiti cha dereva, abiria ausome gari likiwa bado linajaza.