Msimu Usiorudi

Machi 17, 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa michezo kutokana na korona, timu ya Singida United ilikuwa hoi. Siku chache kabla ilikuwa imechapwa na Simba mabao 8 kwa bila! Hata hivyo, Juni ligi ilirejea, nayo ikacheza mpaka mwisho ndipo iliposhuka daraja. Ilishindwa uwanjani.

Vijana wetu wa sekondari hawakupata hata nafasi hiyo ya kushindwa. Wengi wao walirudi madarasani Juni 29, na michezo ya UMISSETA ya mwaka ule haikufanyika.

Wapo wazazi walioshukuru, wakisema muda wa masomo umeokolewa. Mimi siafiki. Katika kata kama Kansay, wilayani Karatu, timu ya shule haina mfadhili wala kocha wa kulipwa. Mwalimu wa hesabu ndiye huyo huyo mwenye filimbi. Timu dhaifu ya namna hiyo hujengwa na mechi zenyewe: hufungwa mwaka huu, mwakani ikarudi na akili mpya. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hakuwa na mwakani. Novemba alifanya mtihani wa Taifa, akaaga. Michezo iliporejea mjini Mtwara mwaka 2021, waliovaa jezi ni wadogo zake.

Ndugu msomaji, huenda unaye mmoja wao nyumbani. Mwulize alikuwa akicheza namba ngapi.