Kijana wa Kilifi, uliza dini yako ilitoka wapi

Muulize kijana yeyote wa Malindi, Watamu au Mtwapa yeye ni dini gani, atakujibu papo hapo. Sasa muulize dini hiyo ilianzia wapi, inafundisha nini hasa, na jirani yake anaamini nini. Hapo ataanza kujikuna kichwa. Mitandaoni tunabishana usiku kucha nani ataenda motoni, lakini misingi yenyewe hatuijui.

Ujinga huu si wa kuchekelea, kwa sababu umeua watu. Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola, hapa hapa kwetu, yalianza kufukuliwa. Ilitolewa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto. Inadaiwa waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ya mahakama tuiachie mahakama. Mimi nina swali moja tu: mfungo wa aina hiyo ulitoka wapi?

Haukutoka kwenye Biblia. Inasema Yesu alifunga siku 40, kisha akaona njaa. Hakufunga ili afe. Uislamu, ulioanzia Makka karne ya saba, nao umeweka mipaka: unafunga alfajiri, jua likizama unafuturu. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, walipe siku hizo baadaye. Hata Wahindu, ambao imani yao ilizaliwa India maelfu ya miaka iliyopita, hufunga siku maalumu na wengi wao hula matunda na kunywa maziwa. Kijana anayejua haya machache tu tayari ana swali la kumuuliza mhubiri. Na mhubiri anayekasirikia swali, bora umkimbie mapema.

Kuna jeraha la pili. Wazee wetu wanauawa kwa madai ya uchawi. Mara nyingi kosa la mzee ni mvi tu, na nyuma yake kuna shamba linalomezewa mate. Inauma zaidi kwamba wanaonyooshewa kidole aghalabu ni vijana, wengine damu yake mwenyewe.

Hapa pia kutojua kunachangia. Wengi wetu tukisikia kaya tunawaza majini na ndumba. Lakini Wamijikenda walimwamini Mulungu, Muumba, kabla Krapf hajafungua misheni yake Rabai mwaka 1846. Mungu na Mulungu ni neno moja la kale. Koma ni roho za wahenga, na vigango vya Wagiriama ni kumbukumbu ya marehemu walioheshimiwa. UNESCO iliziorodhesha kaya kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Dunia inazithamini, sisi tunazionea aibu!

Wapo watakaosema, "Nikisoma dini za wengine, yangu itayumba." Imani inayoyumbishwa na swali la jirani ilikuwa imeegemea ukuta mbovu tangu mwanzo. Kujua anachoamini mwenzako hakukulazimishi kukifuata. Kunakuzuia tu kumwogopa bure, na kunamnyima tapeli nafasi ya kukuuzia uongo kwa jina la Mungu.

Shuleni, kipindi cha dini kikifika tunagawanywa, Wakristo huku, Waislamu kule. Sawa, lakini mbona tusikae pamoja hata mara moja kwa muhula, kila mmoja aeleze dini yake? Walimu tunao. Hata vitabu vya mawe tunavyo: msikiti mkuu katika magofu ya Gede, kikanisa cha Wareno mjini Malindi, na misitu ya kaya ambayo unaweza kuingia kwa idhini ya wazee.

Likizo ijayo, kabla ya kukimbilia ufuoni kupiga picha, keti na mzee mmoja mtaani kwenu umuulize babu zake walimwombaje Mungu. Kisha msikilize, umwache amalize.