Taya Lililovimba Halingoji Majibu

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya huku kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alianza kuwafuatilia watoto waliovimba mataya, na mwaka 1961 akazunguka kwa gari akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zinaufahamu uvimbe huo. Ramani yake ilifuata joto na mvua, ikaja kueleweka kuwa ilifuata malaria. Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi katika seli za uvimbe huo huo. Tena ni watoto wa Afrika Mashariki walioonyesha mapema kwamba dawa peke yake, bila kisu wala mionzi, inaweza kuuyeyusha. Elimu hiyo leo inaponya takriban watoto tisa kati ya kumi katika nchi tajiri. Katika hospitali zetu nyingi, hata kufikisha nusu ni kazi.

Mara nyingi lawama huangukia uhaba wa dawa. Ni kweli dawa hukosekana, lakini siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati ni za zamani na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Naona kinachotuangusha zaidi ni wiki zinazopotea kabla ya dozi ya kwanza. Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto wa miaka sita jino likilegea hakuna anayeshtuka, kwa kuwa ndio umri wake. Linang'olewa, taya linazidi kuvimba, anaandikiwa antibayotiki, na sampuli ikifika maabara ugonjwa umeshaingia tumboni au katika maji ya uti wa mgongo. Hapo hata tiba ni hatari: seli nyingi zikifa kwa mpigo, figo huzidiwa, isipokuwa kama mtoto ametangulizwa dripu na alopurinoli.

Limfoma haivimbishi taya tu, na wapo watakaosema kwamba tezi zikivimba shingoni, kifua kikuu ndicho kilicho kingi, hivyo anayeanza na dawa zake hakosei. Kihesabu wana haki. Ila sindano inayofyonza tezi hutosha kutafuta bakteria wa kifua kikuu na kuangalia seli kwa hadubini siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. (Steroidi ndizo za kuogopwa zaidi: huifanya tezi inywee na kuificha limfoma.) Kwa mtu mzima sindano haitoshi, aina za limfoma ni nyingi, na lazima kikatwe kinyama.

Pingamizi zito ni la nauli: utambuzi wa haraka una faida gani ikiwa mzazi hatamrudisha mtoto kwa dozi ya pili? Wanaoacha tiba njiani ni wengi, nalikubali hilo. Lakini familia iliyongoja majibu mwezi mzima mjini imemaliza akiba kabla tiba haijaanza, na kuharakisha majibu ni kuilindia nauli hiyo.

Ombi letu kwa madaktari wa meno na matabibu wa zahanati ni moja: jino likilegea kwa mtoto mwenye taya lililovimba, msiling'oe. Mpeni rufaa siku hiyo hiyo, na kwenye karatasi andikeni wazi kwamba mnashuku limfoma.