Waya Usio na Jina

Sheria ya Marekani humruhusu mtu wa kawaida, awe seremala, mwalimu au karani wa benki, kujiundia ndege katika banda la uani kwake na kuirusha yeye mwenyewe, mradi aithibitishie mamlaka ya usafiri wa anga kuwa sehemu iliyo kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu walioitenda kwa elimu au burudani yao, wala si kwa kutafuta faida. Ruhusa hiyo ni adhimu, na walioitumia si akali ya watu: chama chao, kilichoasisiwa na Paul Poberezny mjini Milwaukee mwaka 1953, kina mkutano wake mkuu Oshkosh tangu mwaka 1970, na kampuni moja tu miongoni mwa zile ziwauziazo vipande vya kuunganisha, ile aliyoianzisha Richard VanGrunsven mwaka 1973, imekwisha kuona ndege zake zaidi ya 11,000 zikipaa. Naiheshimu ruhusa hiyo, wala sipendi ipunguzwe hata kidogo. Lakini namdai mjenzi jambo moja ambalo sheria haikumshurutisha, nalo ni kwamba asiifunge dashibodi ya ndege yake kabla hajaandika, kwa mkono unaosomeka, kila waya alioupitisha nyuma yake unatoka wapi, unakwenda wapi na unatenda kazi gani.

Msomaji atauliza kwa nini nishughulike na nyaya, ilhali ndege ina mabawa, injini na rafadha ambavyo kuharibika kwake kunatisha zaidi. Jibu langu ni kwamba bati na ribiti huonekana. Mkaguzi akiingia na kurunzi ataiona ribiti iliyokaa upande na bati lililopinda, naye hahitaji kumjua aliyelipinda; umeme umefichwa, na siri yake aghalabu i katika kichwa cha mtu mmoja. Zamani siri hiyo ilikuwa ndogo, kwa maana rubani alitosheka na vipima vichache vya mishale, dira na redio moja. Tangu mwanzoni mwa karne hii vimekuja vioo ambavyo kimoja chake huonyesha mwendo, kimo, mwelekeo, joto la kila silinda na ramani ya nchi inayopita chini. Waliojiundia ndege walivitumia vioo hivyo miaka mingi pasipo hati ghali za uthibitisho zitakiwazo kwa ndege za viwandani, mpaka mwaka 2016 chama chao chenyewe kilipopata idhini ya kioo kimoja cha Dynon kutiwa katika baadhi ya ndege za Cessna na Piper. Ni fahari kwao, na wanastahili. Ila nyuma ya kioo mna soketi zenye sindano 25 au zaidi, na nyuma ya soketi mna kitita cha nyaya unene wa kifundo cha mkono, ambazo kwa desturi ya waya wa ndege aghalabu zote ni nyeupe.

Kazi ya kuzifunga ina adabu zake, na aliyezidharau huadhibiwa baadaye. Fyuzi huwekwa kuulinda waya wala haikuwekwa kukilinda chombo. Basi mwenye kutia fyuzi kubwa kwa kuwa ile ndogo inakatika huugeuza waya wenyewe kuwa ndio fyuzi, na waya wa dukani wenye ganda la plastiki ya kawaida ukiungua hutoa moshi wa kuziba pumzi katika chumba kisichozidi upana wa mabega mawili. Kadhalika kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo lake hasa huaminiwa kuliko kilichotiwa lehemu na kuachwa pasipo kushikizwa, kwa sababu lehemu hupenya ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mtikisiko wa injini huzikata pale ugumu unapokomea.

Lakini mwalimu mkali kuliko wote ni njia ya umeme kurudi. Katika ndege ya aluminiamu mwili wenyewe waweza kuurudisha umeme kwenye betri. Katika ndege ya faibaglasi mwili haupitishi umeme, basi kila chombo chahitaji waya wake wa kurudia. Mjenzi mwangalifu hukusanya nyaya hizo mahali pamoja. Aliyezitawanya, huu hapa na ule pale, husikia masikioni mlio mwembamba upandao na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa injini, nao ni sauti ya altaneta iliyopenya katika redio. Faibaglasi hiyo hiyo ina ihsani yake, kwa kuwa mawimbi ya redio huipenya na antena yaweza kufichwa ndani ya mwili. Bali nyuzi za kaboni huyazuia, na mtu asiyejua tofauti hiyo aweza kuficha antena yake mahali ambapo haitamsikia mtu wala kusikiwa.

Rafiki yangu mmoja alinunua ndege ya namna hii kutoka kwa mtu aliyeinunua kwa mjenzi wake. Ilikuwa safi, imepakwa rangi vizuri, na kila chombo kiliwaka. Mwezi wa pili aligundua kuwa akiruka jioni mwelekeo ulioandikwa kwenye kioo haupatani na barabara ya ndege aliyoilenga, na mchana ukapatana tena. Fundi wa kwanza alimshauri anunue kipimo kipya cha sumaku. Nilimwomba asubiri, kwa sababu niliona haya kwa niaba ya kazi yetu kuona mtu akishauriwa kutoa fedha kabla hajashauriwa kufikiri, nasi tukaitoa ndege nje, tukailenga upande mmoja, tukawasha swichi moja baada ya moja huku tukikitazama kioo. Ilipofika zamu ya taa za ncha za mabawa, mwelekeo ukasogea mbele ya macho yetu. Chanzo kilikuwa kimejulikana kabla ya robo saa kwisha: mahali fulani, waya wa taa ulipita jirani na kipimo cha sumaku, na mkondo wake ulikuwa ukikidanganya.

Ni wapi? Hapo ndipo tulipopoteza Jumamosi tatu. Mchoro ulikuwapo, lakini ulikuwa mchoro wa nia, uliochorwa kabla ya kazi, na mjenzi alipobadili mawazo hakubadili karatasi. Nyaya zilikuwa nyeupe zote, hazina alama mwanzo wala mwisho. Tulilala chali chini ya dashibodi tukivuta mmoja huku mwenzangu akipapasa ndani ya bawa kuona upi umetikisika, tukapima kwa multimita, tukakata kamba za kufungia na kuzifunga upya, mpaka tukaukuta waya wa taa umeviringwa kwenye kiunzi kile kile kilichobeba kipimo, na waya wake wa kurudia haupo, kwa kuwa umeme uliachwa urudi kwa njia ya bati la bawa. Tuliuhamisha, tukausokota pamoja na waya mpya wa kurudia, na kazi hiyo haikuchukua saa nzima.

Simlaumu mjenzi kwa kukosea njia ya waya, maana kila mwenye kutenda hukosea. Namlaumu kwa kutoandika, kwa kuwa taksiri hiyo haikumdhuru yeye. Yeye aliikumbuka ndege yake kama mtu aikumbukavyo hata gizani nyumba aliyozaliwa. Imemdhuru aliyekuja baada yake. Nao wajao baadaye ni wengi. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilizichunguza ajali za ndege za kujiundia za mwaka 2011, na katika taarifa yake ya mwaka 2012 ikabainisha kuwa zaidi ya nusu zilihusu ndege zilizonunuliwa kuukuu, sizo zilizokuwa mikononi mwa waliozijenga. Sheria humpa mjenzi cheti cha kuikagua ndege yake kila mwaka. Cheti hicho hakiuzwi wala hakirithiwi, na mnunuzi aghalabu humtafuta fundi mwenye leseni, ambaye hujikuta mbele ya kitita kile kile cheupe.

Hasara ya jambo lisiloandikwa ilidhihirika tarehe 12 Oktoba 1997, siku mwimbaji John Denver alipoanguka na kufa katika ghuba ya Monterey, California. Ndege yake ilikuwa ya muundo wa Long-EZ uliobuniwa na Burt Rutan, imejengwa na mtu mwingine, naye alikuwa ameinunua karibuni. Mjenzi aliuhamisha mkono wa kubadilishia tangi la mafuta kutoka pale mbuni alipouweka, akautia nyuma ya bega la kushoto la rubani, na haukuwa na alama. Wachunguzi waliamua kwamba marehemu alipogeuka kuutafuta alikanyaga usukani wa mkia bila kukusudia, na ndege ikamponyoka. Mkono ule haukuwa waya. Lakini ni uamuzi wa mtu mmoja uliofahamika kwake, ukaachiwa mtu mwingine aufahamu angani.

Najua jibu la wajenzi, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi, tena kwa watu ninaowapenda. Husema kwamba uzuri wa ufundi huu ni uhuru wake, na karatasi ndizo zilizowafanya waikimbie ndege ya kiwandani. Wengine husema wamepiga picha. Picha huonyesha nyaya arobaini nyeupe zimelala pamoja. Haisemi upi ni wa redio na upi ni wa taa. Ama uhuru, simwambii mtu apitishe waya wapi. Namwambia aseme aliupitisha wapi. Kijitambulisho cha karatasi katika kila mwisho wa waya chafunikwa kwa mrija mwembamba unaong'aa, na hugharimu senti. Mchoro wahitaji jioni chache, na kila badiliko lahitaji kalamu na tarehe. Laiti mamlaka ingemtaka mjenzi aweke mchoro huo pamoja na daftari la ndege, kama inavyotaka ndege iandikwe kwa herufi kubwa kuwa ni ya majaribio, ningeona sheria imemtendea haki mtu asiyekuwapo bandani siku nyaya zilipofungwa.

Mpaka sheria ije, mnunuzi anayo ikhtiari yake. Msomaji aliyewahi kununua gari kuukuu lililofungwa king'ora na mtu asiyejulikana ataelewa ninachoshauri. Kabla ya kuzungumza bei, mwombe mwenye ndege akufungulie dashibodi na akupe mchoro. Chagua waya mmoja, wowote, uushike kwa vidole viwili, umwulize ni wa nini, kisha mfuate mpaka akuonyeshe mwisho wake wa pili.