Kidigo si Kiswahili Kilichoharibika

Ziko kauli zinazorudiwa sana hata zikavaa joho la ukweli. Mojawapo husikika kutoka Kombani hata Lungalunga, tena mara nyingi vinywani mwa Wadigo wenyewe: kwamba Kidigo ni Kiswahili kilichoharibika. Kauli hii ni ya uongo, na mwanafunzi anayeikubali huidhulumu nafsi yake.

Tuipime, msomaji, kwa neno moja. Mswahili husema mvua. Mdigo husema mvula. Wachewa wa Malawi husema mvula, na Wazulu wa Afrika Kusini husema imvula. Kama Kidigo ni Kiswahili kilichovunjika, sauti hiyo ya "l" kiliiokota wapi, iwapo Kiswahili chenyewe kilikwisha kuipoteza? Mkopaji hapewi kisichokuwamo ghalani. Kidigo kimeitunza sauti ya kale ambayo Kiswahili kimeiacha njiani. Kwa sababu za namna hii wataalamu huziweka Kiswahili, Kipokomo, lugha za Komoro na lugha za Mijikenda, Kidigo kikiwamo, katika ukoo mmoja uitwao Sabaki. Basi hizi ni lugha ndugu, na ndugu hamzai nduguye.

Wako wasemao kwamba lugha ya watu wachache haistahili kuandikwa. Na watazame Aislandi, kisiwa cha baridi kali ambacho watu kutoka Norwei walianza kukihamia katika karne ya 9. Hata leo wakazi wake ni kiasi cha 400,000 tu. Lakini kufikia karne ya 13 walikuwa wakiandika habari za wazee wao kwa lugha yao wenyewe, na vijana wao wangali wakizisoma. Kompyuta ilipowafikia hawakuazima jina. Waliunga neno la hesabu na neno la mwaguzi wa kike, wakaiita tölva. Lugha haipimwi kwa wingi wa vinywa, bali kwa bidii ya wenye vinywa hivyo.

Wako pia wanaohofu kwamba kukipenda Kidigo ni kukisaliti Kiswahili. Hofu hiyo haina msingi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaiagiza serikali kuzilinda na kuziendeleza lugha za asili. Sheria imeona nafasi ya zote mbili. Kwa nini sisi tuone ya moja? Kiswahili hutuwezesha kusemezana na Mkamba na Mjaluo, nacho kinastahili heshima yetu yote. Lakini mti haustawi kwa kukatwa mizizi.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato ilitolewa mwaka 2004. Kazi iliyobaki ni yako, ewe kijana. Likizo ijayo, keti karibu na bibi yako, umwulize majina ya miti ya kaya, ya samaki na ya pepo za bahari, kisha uyaandike daftarini. Neno lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.