FUNDI ANASHAURI: Gurudumu la nyuma la Vespa

Ninyi wenye Vespa za zamani, litikiseni gurudumu la nyuma. Likichezacheza, msisafiri. Ngoma ya breki hushikana na ekseli kwa meno, nayo nati moja tu huibana. Ikilegea, meno hugongana kila utiapo gia, mpaka yanalika: injini yanguruma, gurudumu limesimama. Nati ikitoka kabisa, gurudumu lachomoka njiani, labda mama amepanda nyuma na mtoto mgongoni.

Basi mwenzio akanyage breki, nawe kaza kwa spana ya mpini wa nusu mita, ukibonyeza mwishoni kwa uzito wa kilo 20 hivi. Tundu lisipolingana na pengo la nati, kaza zaidi kidogo, usilegeze. Tia pini mpya. Msumari si pini! Ngoma iliyolika meno itupe, maana kubadili ekseli ni kuipasua injini nzima.