Umeme Wakatika, Mwenzenu Naumbuka

Jamani, mwenzenu yamenikuta! Nilipata deiwaka ya kupanga swichi ya Cisco. Si ya taa, ni lile sanduku linalounganisha kompyuta za ofisi. Pale hakuna kubofya na mausi. Skrini nyeusi, unaandika amri moja moja. Masaa matatu mazima nikatenganisha mtandao wa mhasibu na wa wateja. Nikachukua nusu ya malipo, nikaondoka naringa.

Usiku umeme ukakatika. Asubuhi bosi huyo kwenye simu: "Dogo, umefanya kazi gani?" Mhasibu na wateja wamerudi kujazana pamoja kama daladala ya Mbagala!

Kumbe amri zangu zilikaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukienda, nazo zinakwenda. Nilisahau mstari mmoja tu wa mwisho: "copy running-config startup-config".

Ile nusu nyingine? Mpaka leo naisikia tu.